Nilivyotafsiri Karatasi ya Binti Yangu

Mpendwa Mama Siwema,

Nakuandikia nikiwa ghalani, nimekaa juu ya furushi la pamba, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka ujue ni pamba inabonyea na mimi si mwepesi, maana mwili nimeupata tangu nilipopewa ukarani wa chama cha ushirika. Shida yangu nimeibeba wiki ya tatu sasa bila kumweleza mtu, nikaona nikuombe msaada wewe ambaye hunijui na huwezi kunicheka usoni.

Mimi ni baba wa watoto watano, nina miaka hamsini kasoro miwili, naishi upande wa Sapiwi hapa Bariadi, na kipaji changu duniani ni kimoja tu, kutafsiri. Bwana shamba akija kueleza dawa ya wadudu kwa Kiswahili chake cha ofisini naitwa mimi niwageuzie wazee kwa Kisukuma, mtu wa chanjo za ng'ombe akija naitwa mimi, na nikiri kwako kwamba sijawahi kutafsiri kama nilivyosikia. Bwana shamba akisema maneno kumi mimi natoa ishirini, natia vichekesho ambavyo yeye hakuwa navyo, nalainisha pale alipokuwa mkali na nakoleza pale alipopooza, watu wanaondoka wakisema mtaalamu wa leo alikuwa mzuri sana, na mtaalamu naye anaondoka akidhani ni yeye.

Sasa wiki tatu zilizopita shule ya msingi ya kijijini kwetu ilitualika wazazi kwenye semina ya malezi ya watoto katika zama hizi za simu. Mtaalamu alikuwa Bwana Constantine, kijana mpole, mtu wa Bukoba anayefanya kazi Mwanza ya saikolojia ya watoto, Kisukuma hajui hata salamu. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya wazazi, na wanafunzi wa darasa la saba wamepangwa pembeni kwenye madawati, akasema, "Mkalimani wetu leo ni Mzee Mwandu," watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na mimi nikavimba kichwa.

Mwanzo nilijiona nimeuweza. Constantine akasema tule na watoto wetu wote pamoja, wa kike na wa kiume, tuwaulize siku yao ilikwendaje. Nikawaangalia wale wazee nikajua hapa mgeni anaharibu, maana kwetu baba anakula shikome, pale kwenye moto wa wanaume uani, yeye na vijana wake wa kiume na wageni, na mama anakula jikoni na mabinti, ndivyo tulivyokulia. Basi nikageuza, nikawaambia mtaalamu anasema tusiiache shikome, vijana wa kiume warudi pale na simu waziweke chini. Wazee wakaitikia "wabeja, wabeja", wakimshukuru kwa hekima yake, na Constantine akatabasamu akidhani wamekubali kula na mabinti zao.

Kisha akawaambia wanafunzi kila mmoja achane karatasi kwenye daftari lake, aandike bila jina jambo moja ambalo angependa kumwambia baba au mama, watumbukize kwenye boksi, yeye atasoma chache na mimi nitageuza. Ya kwanza ilisema mama asimchape mbele ya wenzake. Ya pili iliomba viatu. Ya tatu akaifungua nikiwa nimesimama begani kwake, nikaona vyumba.

Hapa nikueleze kidogo. Mwanzo wa mwaka mke wangu Esteria alinituma mjini, dukani kwa Gharib, nikanunue madaftari ya mistari, na mimi nikanogewa na maongezi ya pale kibarazani nikabeba yale ya hesabu yenye vyumba vidogo vidogo, yote kumi na mawili. Binti yangu Nyanjige akayapokea kwa mikono miwili akasema asante baba, na tangu Januari anaandikia vyumba Kiswahili, anaandikia vyumba historia, kila kitu. Wenzake siku ile walichana karatasi za mistari. Na hata bila vyumba, mwandiko ule unaolalia kushoto naujua.

Constantine akaisoma kwa sauti ndogo, nadhani alikuwa ameguswa, akinisomea mimi zaidi kuliko umati, na turubai lilikuwa linapigwa na upepo hivyo wa nyuma hawakupata kitu. Ilisema: "Baba yangu anaongea vizuri na watu wote na wanacheka. Nyumbani akipita jikoni tunanyamaza. Natamani siku moja aniulize kitu na mimi."

Watu wakanigeukia, Mama Siwema, wakisubiri, na ulimi ukafanya kazi yake ya kila siku. Nikasema kwa Kisukuma, kwa sauti, "Baba yangu anaongea vizuri na watu wote, na nyumbani anatufundisha heshima. Natamani nikikua niwe kama yeye."

Yakapigwa makofi. Bibi mmoja akatoa kigelegele. Constantine akaniinamia, "Mzee, mbona wanashangilia?" Nikamwambia, "Wameguswa."

Nikamtazama Nyanjige kule pembeni. Alikuwa ananitazama. Hakukunja uso wala hakulia, alinitazama kama mtu anayesoma ubaoni, halafu akainama akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba.

Tangu siku ile salamu ananipa, anapiga goti kama kawaida, maji ya kunawa analeta, nikimwita anaitika. Lakini zamani nikiwa shikome nasimulia vituko vya ghalani nilikuwa nasikia kicheko chake jikoni, anacheka kabla ya wote, na nikwambie ukweli ambao hata mke wangu hajui, miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia kwa sauti kubwa ili ifike kule. Sasa nasimulia, vijana wanacheka, jikoni hakuna kitu.

Na kama hiyo haitoshi, jirani yangu Masele ameifanya ile karatasi kuwa mahubiri. Juzi kaja kwangu kuazima jembe la ng'ombe, kamkuta Nyanjige anapepeta mtama.

"Mayu, mwanangu, ulikuwepo siku ile ya mtaalamu?"

"Nilikuwepo, baba."

"Ulimsikia mwenzako alivyomsifu baba yake?"

"Nilisikia."

"Basi na wewe uige. Baba yako huyu anajituma, siku moja msifu na yeye."

Nyanjige akasema, "Sawa, baba," akaendelea kupepeta. Nami nimesimama pale na jembe mkononi, sijui nilipeleke wapi.

Nikamfuata Esteria nikamuuliza, "Hivi huyu mtoto ana nini?"

Akasema, "Muulize."

"Kwani wewe hujui?"

"Najua. Muulize."

Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Jumapili nilikwenda mpaka mlango wa jiko, mwanamume mzima na tumbo langu, yupo peke yake anasonga ugali, nikakohoa, nikamwambia, "Maji yapo?" Akasema, "Yapo, baba." Nikasema, "Haya," nikarudi shikome. Ndilo swali pekee nililoweza kumuuliza. Marehemu baba yangu, Mzee Limbu, hakuwahi kuniuliza kitu isipokuwa ng'ombe wangapi wamerudi, na dada zangu hata hilo hakuwauliza, kwa hiyo mimi hii kazi sijawahi kuona ikifanywa.

Haraka yangu ni hii. Mwezi wa tisa Nyanjige anafanya mtihani wa darasa la saba, akishamaliza tumepanga aende Ipililo akakae na dada yangu Violeth mpaka sekondari ifunguliwe, na huenda akasomea hukohuko. Akiondoka na lile jicho, naona kabisa atakuwa anarudi likizo kama mgeni, anapiga goti, analeta maji, basi. Halafu mwalimu mkuu kanipigia simu, Constantine anarudi mwishoni mwa mwezi wa nane, amesema hataki mkalimani mwingine, ni yuleyule mzee aliyewagusa watu.

Nifanye nini, Mama Siwema? Nisingizie homa siku hiyo? Au nisimame mbele ya wazazi wote niseme, ile karatasi niliigeuza, ilikuwa ya binti yangu na ilikuwa inanisema mimi? Nimeshaanza kuyapanga maneno ya kukiri, na nikwambie, ni mazuri, watu watalia.

Ni mimi, mkalimani.

*

Mzee Mwandu,

Kwanza pole, na nasema kwa moyo. Pili, simama hapo ulipo, hayo maneno mazuri ya kukiri yarudishe mfukoni. Watu watalia, wewe utafuta machozi, Masele atakukumbatia, bibi atatoa kigelegele cha pili, na utakwenda nyumbani umesifiwa kwa mara nyingine tena. Na mtoto? Atakuwa amekaa palepale pembeni, na safari hii kijiji kizima kinajua karatasi ilikuwa ya nani. Aliiandika bila jina. Mara ya kwanza ulimnyang'anya maneno, sasa unataka kumnyang'anya na siri. Hapana, baba.

Homa pia usisingizie. Umeshatafsiri uongo wa kutosha mwaka huu.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo limo kwenye barua yako na wewe hukuliona, labda kwa sababu ulikuwa umekaa vibaya kwenye hilo furushi. Unaniambia mwalimu mkuu alikutangaza mwanzoni kabisa kwamba mkalimani ni wewe, na mwanao alikuwa amekaa pale. Ukaniambia mtaalamu alieleza kwamba karatasi zitasomwa na wewe utazigeuza. Baada ya hapo ndipo Nyanjige akachukua kalamu. Alijua zitapita mdomoni mwako. Karatasi ya mistari angeweza kuomba kwa jirani yake, darasa zima walikuwa nazo, hakuomba. Huyu mtoto hakuwa anakusema kwa watu, Mwandu. Alikuwa anakuandikia barua, na aliitumia njia pekee aliyoona itakufikia, kwa sababu ameshaona kwamba wewe maneno unayasikiliza ukiwa umesimama mbele ya umati.

Kwa hiyo usije kwangu na habari za jicho la mgeni. Mtoto aliyekata tamaa haandiki. Huyo aliandika, na bado anasubiri jibu, na ninavyomwona hajachoka. Amekasirika, na ana haki ya kukasirika.

Hiyo habari ya kicheko cha jikoni imenigusa, sitakuficha. Baba anayepaza sauti ili binti yake acheke upande wa pili wa ukuta si baba mbaya. Ila ukuta ni wa matope, mlango upo, na hatua ni kama ishirini. Unanieleza kwamba hukuwahi kuona kazi hiyo ikifanywa. Ni kweli, na wengi wetu hatukuiona. Mimi mwenyewe nina mwaka wa tisa naandika safu hii nikiwaambia watu wazungumze na watoto wao, na mwanangu Sharifu aliwahi kunisimamia mezani akaniambia, "Mama, hawa watu wa gazeti unawajibu siku hiyohiyo, mimi nimekuuliza tangu Jumatatu." Niliweka kalamu chini kwa aibu. Basi usidhani nakusomesha nikiwa nimekaa juu.

Utafanya hivi.

Utakwenda jikoni. Leo, siyo siku ukiwa tayari, maana wewe ukiwa tayari ndipo unapoharibu. Chukua kigoda chako mwenyewe, ukae chini, kwa sababu baba akisimama mlangoni na kukohoa mtoto anajua kuna kitu kinahitajika. Esteria na wengine waache watoke, naye Esteria nadhani atatoka bila kuambiwa. Mwambie Nyanjige kwa lugha ya nyumbani kwenu, kwa maneno machache kuliko uliyozoea: karatasi nilijua ni yako, niliigeuza kwa sababu niliona aibu, nimekosa. Basi. Usieleze habari za marehemu mzee wako, usieleze ulivyoteseka wiki tatu, na nakuomba sana usitie kichekesho. Kichekesho ndicho mlango wako wa kutorokea.

Kisha muulize kitu. Siyo maji. Muulize jambo ambalo jibu lake hulijui na hulihitaji kwa kazi yoyote. Atakuambia "sijui" au "hakuna, baba". Usiinuke. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kuona kama kweli umekuja kukaa. Chambua maharage, chochea moto, fanya lolote, ila ukae. Kesho yake urudi tena. Kigoda hicho kikizoeleka jikoni wazee wa shikome watakuteta wiki moja, wiki ya pili watapata la kuteta jingine.

Kuhusu semina. Mpigie simu huyo Bwana Constantine umwambie ukweli wote, na ule wa shikome pia, maana kijana wa watu yuko Mwanza anadhani Sapiwi nzima inakula na mabinti zake. Na yeye ana lake la kujibu: huwezi kuchukua maneno ya mtoto ya siri ukayapitisha mdomoni mwa baba mmojawapo mbele ya kina baba wenzake. Mwambie nimesema hivyo. Kazi ya kutafsiri usiiache, unaiweza, ila siku hiyo karatasi za watoto azisome na kuzigeuza mtu mwingine, awepo mwalimu wa kike anayejua Kisukuma, na wewe ubaki na hotuba ya mtaalamu. Akisema maneno kumi, toa kumi. Utaona yanavyokuwa mazito.

Kama utawasahihishia wazazi ile karatasi au hutawasahihishia, hilo si langu na si lako. Muulize mwenye karatasi. Akisema ndiyo, utasema mara iliyopita nilimgeuza mtoto mmoja vibaya, alisema hivi, na utaishia hapo bila kumtaja. Akisema hapana, utanyamaza, na Masele ataendelea kuhubiri mpaka achoke, hiyo itakuwa adhabu yako.

Na habari ya Ipililo, hebu niambie: kuna mtu aliyemuuliza Nyanjige kama anataka kwenda? Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta. Naona "tumepanga".

La mwisho. Jibu hili nakutumia kwanza kwa simu, kwenye ile namba uliyoniachia. Gazetini sitalitoa. Barua yako ina maneno ya mtoto ndani yake, na sitakuwa mtu wa pili kuyasoma hadharani bila ruhusa yake. Siku ukiniambia umezungumza naye, na yeye mwenyewe amesoma barua yako na jibu langu akakubali, ndipo wasomaji watakapoyaona. Asipokubali, yatabaki kwenye droo yangu, na hayatakuwa ya kwanza.

Mama Siwema

*

Wasomaji wangu,

Jibu hilo nililituma siku ya Jumanne. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, nikaanza kumsema mzee wa watu moyoni. Ijumaa jioni ukaingia ujumbe, nami nauweka hapa bila kuugusa:

"Nimekaa siku tatu. Ya kwanza alisema hakuna, baba. Ya pili alisema sijui. Leo nimemuuliza habari ya Ipililo, amesema anaogopa mbwa wa shangazi Violeth, tangu akiwa na miaka sita, walimkimbiza siku ya harusi. Miaka saba sijui kama mwanangu anaogopa mbwa. Nimempigia dada, mbwa watafungwa. Bado hajacheka. Ila aliniambia nisogeze kigoda, nimemzibia mwanga."

Wiki iliyofuata akaniambia Nyanjige amesoma yote, ya baba yake na yangu, na ameruhusu yatoke kwa masharti. Majina nibadilishe, nimebadilisha. Kwenye barua ya baba yake amefuta sentensi mbili, na sitasema zilihusu nini. Na yale maneno ya kwenye karatasi, baba alikuwa ameninukulia vibaya hata alipokuwa anatubu. Baba alikuwa ameandika "akiingia nyumbani tunanyamaza". Nyanjige akasema hapana, siyo nyumbani, ni jikoni, na haingii, anapita.

Nimesahihisha. Mliyoyasoma hapo juu ndiyo aliyoyaandika yeye.